Kadena tatu za kese yetu

Wiki hii nawaletea habari iliyoanzia ndani ya kikundi chetu cha AVEC, ikafika mpaka kwenye veranda yangu, kisha ikarudi kikundini na kutusumbua kidogo. Ni habari ya kadena. Mimi mama wa watoto watano nilijifunza kufungua kadena bila ufunguo, na nitawaambia kwa nini sijutii.

Ilikuwa siku ya kugawana, mwanzo wa mwezi wa tisa. Tulikuwa wamama 24 ndani ya parseli ya mama prezida, hapa kwetu Kadutu, mjini Bukavu. Viti vimepangwa, chai iko motoni, kila mmoja ameshika kitabu chake cha hisa. Hakuna mama asiyejua maana ya mwezi wa tisa: minervali, uniforme, daftari, viatu. Feza za mwaka mzima zilikuwa ndani ya kese, na kese ilikuwa mezani mbele yetu, pamoja na kadena zake tatu.

Mama wa ufunguo wa kwanza akafungua. Wa pili akafungua. Wa tatu akashika pindo la kikwembe chake, mahali alipokuwa ameufunga ufunguo, akalifungua pindo, akakuta hakuna kitu. Alfajiri alikuwa ameenda kuteka maji. Tulituma watoto wafuate njia nzima mpaka kwenye bomba. Walirudi mikono mitupu.

Wengine wakasema tuvunje kwa nyundo. Wengine wakasema tutafute msumeno wa chuma. Mama mtunza kese akakataa kabisa. Akasema: «Mkivunja leo, kesho mtu atasema feza zilipungua siku ya kuvunja.» Alikuwa na haki. Ndipo mmoja wetu akakumbuka kijana anayechonga funguo sokoni.

Kijana alifika, lakini hakugusa kese. Aliuliza kwanza: «Kese hii ni ya nani? Mkubwa wake ni nani? Ninyi wote mnakubali nifungue?» Tukanyoosha mikono wote. Akatoa kipande cha chuma kilichokunjwa, na kingine chembamba kama sindano ya kushonea magunia. Akavitia vyote viwili kwenye tundu la ufunguo. Chai haikuwa imepoa ndani ya vikombe, kadena ikalia ta, ikafunguka. Haikuvunjika, haikukwaruzwa.

Tulipiga makofi. Kisha makofi yakaisha, na pakawa kimya. Mama mmoja mzee, mkubwa kuliko sisi wote, akasema neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo moyoni: «Kama huyu mtoto anaweza, nani mwingine anaweza?»

Nilikwenda kuuliza

Feza zilihesabiwa, zikatimia, tukagawana. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Nimefunga mlango wangu kwa kadena miaka mingi. Kila nikienda sokoni naigeuza, naivuta mara mbili, naondoka na amani. Sikuwahi kujiuliza ndani yake kuna nini. Nilikuwa kama mtu anayekula dawa bila kujua inatibu nini.

Baada ya siku chache nilimfuata yule fundi kwenye kibanda chake. Nikamwambia nataka anifundishe. Akashangaa. «Mama, ya nini? Unataka kufungua kibanda kama changu?» Nikamjibu kwamba sitafuti kazi. Nataka kujua kitu ninachokitegemea kila siku. Akacheka, lakini hakunifukuza. Akasema kuna masharti matatu, na nikivunja moja hanijui tena.

Sharti la kwanza: fungua kadena yako mwenyewe tu, au ile ambayo mwenyewe amekuwekea mkononi na kusema fungua. Sharti la pili: usijifunzie kwenye kadena inayofanya kazi, iliyo mlangoni au kwenye sanduku. Unaweza kuiharibu ndani, ukalala nje na watoto. Sharti la tatu: jifunze mahali watu wanakuona. Anayejificha anatafuta kitu kingine.

Wamama, masharti haya si mchezo. Kwa sheria yetu ya adhabu hapa Kongo, wizi wa kawaida unaweza kumtia mtu gerezani hadi miaka 5. Wizi wa kuvunja, wa kuruka ukuta au wa kutumia funguo za uongo unaweza kufika miaka 10. Ujuzi wenyewe ni kama kisu cha jikoni. Kinakatia sombe, na kinaweza kumwaga damu. Nyumba nzima inatakiwa kujua kiko wapi na kinatumiwa na nani.

Baba watoto nilipomwambia alicheka, kisha akanyamaza. Baadaye akauliza: «Na majirani wakikuona unachokora kadena, watasema nini?» Swali lake lilikuwa la kweli. Mwanamke akijua kushona, wanamsifu. Akijua kufungua kadena, wanahesabu kuku zao. Ndiyo sababu nilichagua kukaa verandani, mchana, kadena zangu ndani ya sahani, kama mama anayechambua maharagwe. Aliyeuliza nilimwonyesha.

Ndani ya kadena kuna nini

Fundi alikuwa na kadena moja ya zamani aliyoikata upande kwa tupa, ili ndani kuonekane. Nilipoitazama nilisema: kumbe ni hivi tu?

Katikati kuna kipande cha mviringo chenye tundu la ufunguo. Fundi anakiita moyo. Moyo ukizunguka, kadena inafunguka. Kazi yote ya kadena ni kuuzuia moyo usizunguke mpaka ufunguo wake uje.

Kinachouzuia ni vijiti vidogo vya chuma. Kuna matundu yanayotoka kwenye mwili wa kadena na kuingia ndani ya moyo. Katika kila tundu kuna vijiti viwili, kimoja juu ya kingine, na resori ndogo inayovisukuma kuelekea ndani ya moyo. Bila ufunguo, kijiti cha juu kinakaa nusu ndani ya moyo, nusu ndani ya mwili. Kinaushika moyo kama komeo linavyoshika mlango.

Ufunguo una meno. Kila jino linainua vijiti vya tundu moja. Jino likiwa la urefu sawasawa, mahali vijiti viwili vinapogusana panafika kabisa kwenye mpaka kati ya moyo na mwili. Vijiti vyote vikifika kwenye mpaka huo kwa pamoja, hakuna kinachoushika moyo tena, unazunguka. Jino likizidi kidogo tu au likipungua kidogo tu, hakuna kitu. Kadena nyingi ndogo za bei ya chini zina matundu 3 au 4 ya vijiti. Zilizo bora zina 5 au zaidi.

Basi, mtu anafunguaje bila ufunguo? Kwa sababu hakuna kiwanda kinachotoboa matundu kwenye mstari ulionyooka kabisa. Moja linakuwa limeenda pembeni unene wa unywele. Ukitia chuma kilichokunjwa na kuusukuma moyo kidogo, kama unataka uzunguke, kijiti kimoja kinabanwa kabla ya vingine. Kwa chuma kile chembamba unakitafuta hicho kilichobanwa, unakiinua polepole. Kikifika kwenye mpaka kinalia kidogo sana, na moyo unasogea kidogo sana. Sasa kijiti kingine kinabanwa. Unakitafuta hicho. Ni moja, halafu nyingine, halafu nyingine.

Wiki ya kwanza nilishindwa kila siku. Vidole viliuma, nikaona fundi ananidanganya. Nilikwenda kulalamika. Akanitazama nikifanya, akasema: «Mama, unageuza kama unafungua chupa iliyokwama. Geuza kama unavyomfuta mtoto jicho.» Hapo ndipo kosa la karibu kila anayeanza. Tunatia nguvu. Ukitia nguvu, vijiti vyote vinabanwa kwa mara moja, hakuna kinachosogea, na huwezi kusikia kitu.

Siku ya tisa, jioni, umeme ulikatika nikiwa nimeshika kadena. Sikuwasha mshumaa. Niliendelea gizani, na ndani ya giza lile nikasikia, kwa vidole kuliko kwa masikio, kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu. Kadena ikafunguka. Nilipiga kelele mpaka mtoto mdogo akaamka. Kisha nikaifunga tena, na siku tatu nzima ikakataa kunifungukia. Nilijifunza kwamba kufungua mara moja si kujua.

Wengine walitutangulia

Msifikiri jambo hili ni la juzi. Kufuli za mbao zenye vijiti vinavyoanguka ndani ya komeo zilitumika Misri ya zamani sana. Hapa Afrika, Wadogoni na Wabambara wa Mali wamechonga kufuli za mbao kwa milango ya nyumba na ghala za mtama, nyingine zikiwa na umbo la mtu au mnyama. Ufunguo wa mbao au wa chuma unaingia, unainua vijiti, komeo linatoka. Ni akili ileile. Kadena ya shaba ya siku zetu inatoka kwenye kazi ya Mmarekani Linus Yale na mwanawe mwenye jina hilohilo. Huyo mwana ndiye aliyetengeneza, katika miaka ya 1860, kufuli ya vijiti yenye ufunguo mdogo wa bapa kama tunaotumia sisi.

Kuna kisa kimoja nilichokipenda. Mjini London, tangu mwaka 1790, fundi Joseph Bramah aliweka kufuli yake dirishani mwa duka na kuahidi gini 200 kwa yeyote atakayeifungua bila ufunguo. Zaidi ya miaka 60 hakuna aliyeweza. Mwaka 1851, kwenye maonyesho makubwa ya London, akaja Mmarekani anayeitwa Alfred Charles Hobbs. Alianza na kufuli nyingine yenye sifa kubwa, ya kina Chubb, akaifungua kwa dakika 25 hivi. Kisha akaifanyia kazi ile ya Bramah saa 51, zilizogawanywa kwa siku 16, mpaka ikafunguka.

Watu wengi walikasirika. Walisema mambo hayo yasingesemwa, yatafundisha wezi. Lakini kulikuwa na jibu, na jibu hilo ndilo ninalotaka tulishike: wezi walikuwa wanajua tayari. Waliokuwa hawajui ni wenye mali. Baada ya kisa hicho, watengenezaji walilazimika kuboresha kufuli zao.

Siku hizi kuna watu wanaofanya jambo hili kwa kupenda tu, kama wengine wanavyopenda karata au kufuma. Ujerumani na Uholanzi wana vyama vya watu hao. Wanakutana jioni, wanapeana kufuli, wanashindana nani atafungua mapema. Na sharti lao la kwanza ni lilelile la fundi wangu wa sokoni: usiguse kufuli isiyo yako bila ruhusa.

Ufunguo mmoja, kadena mbili

Sasa nafika kwenye jambo lililoniletea kazi ya kuandika.

Ili kujifunza nilinunua kadena nne za aina moja, kwenye butike moja. Jioni moja zilichanganyika kwenye sahani. Nikachukua ufunguo, nikafungua kadena. Kisha nikagundua kwamba ufunguo ule haukuwa wa kadena ile. Nikarudia. Ikafunguka tena, laini, bila kuchokora chochote.

Nilimpelekea fundi. Hakushangaa. Alinieleza kwamba viwanda vya kadena za bei ya chini havitengenezi umbo jipya la ufunguo kwa kila kadena. Wanatumia maumbo machache, wanayarudia. Ukinunua kadena kadhaa kutoka kwenye katoni moja, unaweza kukuta mbili ni ndugu mapacha.

Nikakumbuka kese yetu. Baada ya ufunguo kupotea siku ile ya kugawana, tulinunua kadena mpya ya tatu. Tuliinunua kwenye butike ileile, ya aina ileile.

Wamama walio ndani ya AVEC wanajua kwa nini kese ina kadena tatu. Utaratibu huu ulianza Niger mwaka 1991, kwa vikundi vya wanawake vilivyosaidiwa na shirika la CARE, na ukaenea Afrika nzima. Funguo tatu zinawekwa na wamama watatu tofauti. Anayetunza kese nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Hivyo hakuna mtu anayeweza kufungua peke yake, na hakuna anayeweza kushtakiwa peke yake. Kadena tatu zinalinda feza, na zinalinda jina la kila mmoja wetu. Lakini kama ufunguo mmoja unafungua mbili, basi hatuna kadena tatu. Tuna mbili, na hatujui.

Nilikaa na neno hili siku nne. Nasema ukweli, niliogopa. Nikisema, wataniuliza nimejuaje. Nikieleza, wataona mwanamke anayefungua kadena anazungumza habari za kese. Nikinyamaza, na siku moja feza zikikosekana, nitakuwa nilijua. Baba watoto ndiye aliyenisukuma. Alisema: «Ulikaa verandani ili watu wakuone. Sasa unataka kujificha?»

Nilimwendea mama prezida. Naye hakupoteza muda. Kwenye mkutano uliofuata, kabla ya kununua hisa, alieleza mbele ya wote na kuomba funguo tatu ziwekwe mezani. Mama mzee yule ndiye aliyejaribu kwa mkono wake. Ufunguo wa kwanza kwenye kadena ya pili: hapana. Ufunguo wa pili kwenye ya tatu: hapana. Ufunguo wa tatu kwenye kadena ya kwanza: ikafunguka.

Sitaficha yaliyofuata. Kulikuwa na kelele. Wengine walimtazama mama wa ufunguo wa tatu, ambaye hakuwa amefanya kosa lolote zaidi ya kupewa ufunguo. Wengine walinitazama mimi. Mmoja akauliza kwa sauti kubwa kwa nini mama mwenye watoto anajifunza mambo ya wezi. Sikujibu. Mama mtunza kese alikuwa analia. Mama prezida akaamuru tuhesabu kwanza, tuseme baadaye. Tukahesabu hisa zote za wiki saba, mkopo kwa mkopo, na kese ya msaada pia. Kila franka ilikuwepo.

Ndipo mama mzee akasema: «Feza ziko. Kitu kilichokuwa kinakosekana ni kujua. Aliyetuletea, tumshukuru.» Nilishukuriwa. Lakini mama wa ufunguo wa tatu aliomba apumzishwe kwenye kazi ya ufunguo. Alisema macho ya siku ile hayakumtoka. Bado anakuja mkutanoni, bado ananunua hisa, lakini anakaa nyuma. Tumeenda kwake mara mbili kumwomba msamaha. Tutaenda tena. Hilo nalo ni fundisho: kadena mbaya inaweza kuharibu jina la mtu mwema hata kama hakuna kilichoibwa.

Tulichobadili kikundini

Haya ndiyo tuliyoyafanya, na kikundi chochote kinaweza kuyafanya wiki hii bila gharama kubwa.

Kwanza, tulijaribu kila ufunguo kwenye kila kadena, mbele ya wote. Kwa kadena tatu ni majaribio sita tu. Fanyeni hivyo mwanzo wa kila mwaka wa kikundi na kila mara mnapobadili kadena.

Pili, tulinunua kadena tatu za aina tatu, kwenye butike tatu tofauti. Kabla ya kulipa, tuliangalia meno ya ufunguo. Ufunguo wenye meno matano ya urefu tofauti ni afadhali kuliko wenye matatu yanayofanana.

Tatu, tuliangalia kese yenyewe. Kumbe pete za kushikia kadena zilikuwa zimefungwa kwa skurubu za nje, na bawaba, vile vyuma vinavyoshika kifuniko nyuma, vilevile. Mtu mwenye bisibisi hahitaji kujua kuchokora kadena. Fundi wa kuchomelea alizichomelea zote. Nyumbani pia, angalia mlango wako. Mara nyingi kadena ni nzito, lakini mbao iliyoishika imeoza, au misumari inang'oka kwa mkono.

Nne, funguo hazifungwi tena kwenye pindo la kikwembe, wala hazipewi mtoto azichezee. Ufunguo uliokaa dakika chache mikononi mwa mtu mwingine unaweza kuchongwa mwingine kama huo. Ukipotea, usingoje uonekane. Badili kadena.

Tano, na hili ndilo kubwa, tumekaza kuhesabu kwa sauti. Kila mkutano, feza zilizobaki zinatajwa mwanzo na mwisho, na kila mama anaishika hesabu kichwani. Mwizi anaweza kushinda kadena. Ni vigumu kuwashinda wamama 24 wanaokumbuka hesabu moja.

Kwa mama anayetaka kuanza

Wamama wawili wa kikundi wameanza kukaa nami verandani siku ya Jumamosi. Kama na wewe unatamani, anza hivi.

Tafuta kadena yako ya zamani ambayo hufungii kitu tena, na ufunguo wake uwepo. Kabla ya kuchokora, tia ufunguo ndani na utoe polepole, mara nyingi, usikilize vijiti vinavyopanda na kushuka. Jua kwanza jinsi inavyofunguka vizuri. Kama unaweza, omba fundi akukatie moja ubavuni ili uone ndani. Nje kuna kadena za plastiki inayoonyesha ndani, zilizotengenezwa kwa kujifunzia. Hapa tupa ya fundi inatosha.

Kama kadena inakataa hata na ufunguo wake, usiitilie mafuta ya kupikia. Mafuta hayo yanashika vumbi na baadaye yanaganda. Kwangua penseli nyeusi, tia unga wake kidogo kwenye tundu, ingiza na utoe ufunguo mara kadhaa. Hata mama asiyetaka kujifunza kuchokora atafaidika na hili, hasa wakati wa vumbi.

Keti dakika kumi na tano kwa siku, usizidishe. Vidole vikichoka havisikii. Ukikasirika, weka chini. Mimi nilikuja kugundua kwamba zile dakika kumi na tano ndizo pekee katika siku yangu ambapo siwazi minervali, wala maji, wala bei ya unga. Mikono inafanya kazi, kichwa kinapumzika.

Na watoto? Kijana wangu wa miaka 12 aliomba ajifunze. Niliwaza sana. Mwishowe nilimfundisha masharti matatu kwanza, akayasema kwa kichwa mbele ya baba yake, kisha nikampa kadena. Vifaa vinakaa kwangu, ndani ya sahani, juu ya kabati. Anayehitaji anaomba.

Wiki iliyopita jirani, yuleyule aliyekuwa anapita na kutikisa kichwa, alikuja kunigongea usiku. Mtoto wake wa miaka mitatu alikuwa amelala chumbani, mlango umefungwa kwa kadena, na ufunguo umebaki kwa mkubwa wake aliyesafiri. Niliuliza kama fundi alivyouliza: «Mlango huu ni wako? Unakubali nifungue?» Akasema ndiyo, mbele ya bwana wake. Nilitetemeka, ilinichukua muda mrefu, jasho likanitoka. Mtoto alikuwa bado amelala tulipoingia.

Alfajiri jirani aliniletea ndizi. Akauliza Jumamosi tunakaa saa ngapi.